Mfalme wa Kwenye Shilingi

Wazee wetu waliouza pamba Usukumani miaka ya 1940 walilipwa kwa shilingi ya Afrika Mashariki. Upande mmoja wa sarafu ile kulikuwa na simba mbele ya milima, na upande wa pili kichwa cha Mfalme George wa Sita wa Uingereza. Tanganyika ilikuwa mikononi mwa Waingereza, kwa hiyo huyo ndiye aliyekuwa mtawala wao, ingawa wengi wao hawakuwahi kuisikia sauti yake. Redio zilikuwa chache mno, na kituo cha utangazaji cha Dar es Salaam kilianza 1951, mfalme mwenyewe akiwa amebakiza muda mfupi wa kuishi. Kwao alikuwa uso wa chuma tu, uso uliotulia. Usingeweza kujua kwa kuutazama kwamba mtu yule alikuwa na kigugumizi, tena kigugumizi kikali, na kwamba hotuba ilianza kumtesa siku nyingi kabla hajafungua mdomo.

Mimi nimezaliwa Nkoma, kata ambayo kwa miaka mingi ilihesabiwa wilaya ya Bariadi, mkoa wa Shinyanga, na tangu mkoa wa Simiyu uundwe 2012 imo wilaya ya Itilima. Nina kigugumizi tangu nijue kusema. Nimesoma mengi kuhusu jambo hili, na kinachonishangaza ni jinsi historia yake inavyoandikwa: nani alikuwa nacho, nani alipona, kwa dawa gani. Hofu haiandikwi. Nasema ile hofu ya kabla ya kusema, pale kwenye benchi, watu watatu mbele yako wanajitambulisha na zamu inakuja taratibu. Muulize mwenye kigugumizi yeyote, atakwambia kukwama kwenyewe ni suala la sekunde. Kazi iko kwenye kusubiri. Basi hapa nataka kuifuatilia hiyo hofu, ilivyotendewa na watu wa zamani na inavyotendewa kwetu.

Kwanza tuelewane inafanyaje kazi. Mwenye kigugumizi huliona neno gumu kabla hajalifikia, kama dereva anavyoliona shimo barabarani. Akiliona analikwepa: anatafuta neno jingine lenye maana hiyo hiyo. Sasa, kwa Kiswahili kukwepa kuna gharama yake. Nikianza kusema "nimesahau kile..." nimeshajifunga. Lazima kije kitabu, au kikapu, au kitu kingine cha ngeli hiyo. Nikiona "kitabu" kinagoma na nikataka kukimbilia "daftari", inabidi nirudi nyuma niseme "lile", na hapo msikilizaji ananiona nimechanganyikiwa. Kwa hiyo mtu anazoea kuipanga sentensi nzima kichwani, pamoja na ngeli zake na njia za kutorokea, kabla hajatamka hata silabi moja. Anayemtazama anadhani akili yake ni nzito. Kumbe kichwani anafanya kazi mara tatu ya wenzake.

Kuna neno moja tu ambalo halina mbadala: jina lako. Wengi wetu jina ndilo linalotuangusha kuliko maneno mengine yote. Na kwetu Usukumani huwezi kulikwepa jina kirahisi, maana salamu yenyewe inakupeleka huko. Unamwambia mzee "mwangaluka", anaitikia, halafu anataka kujua wewe ni mtoto wa nani, wa ukoo gani, unatoka upande upi. Ni salamu nzuri, yenye heshima na isiyo na haraka, na kwa mtoto mwenye kigugumizi kila mzee aliyekaa chini ya mti ni mtihani wa mdomo. Nawajua watu waliokuwa wakizunguka njia ya mbali kwenda kisimani kwa ajili ya mzee mmoja tu mwenye maswali mengi.

Isitoshe, lugha yenyewe haikutusaidia. Fungua gazeti, sikiliza Bunge: "Serikali inapata kigugumizi gani kuchukua hatua?" "Waziri alipata kigugumizi alipoulizwa." Neno limehama kutoka kwenye ulimi likaenda kwenye dhamira. Mwenye kigugumizi katika siasa zetu ni mtu anayeficha kitu au asiyetaka kuamua. Silaumu wanaosema hivyo, ni tamathali ya kawaida. Lakini kijana akisimama kwenye mkutano wa kijiji kueleza mbuzi wake waliibiwaje, akakwama, tamathali hiyo iko pale inamsubiri. Watu wanatazamana.

Tukirudi nyuma kwenye historia, tunakuta watu walishughulika na ulimi kwa karne nyingi. Mfano unaotajwa kila mahali ni Demosthenes wa Athens, aliyeishi kati ya 384 na 322 kabla ya Kristo. Plutarch anasimulia kwamba aliweka kokoto mdomoni akasema nazo, akahutubia huku anapanda mlima, akajifungia chumba cha chini ya ardhi na kunyoa nusu ya kichwa ili aone aibu kutoka nje kabla hajamaliza mazoezi. Walimu wa hotuba wanaipenda sana habari hii. Wanachoacha ni kilichotokea mwaka 346, Demosthenes akiwa tayari bingwa. Alikwenda na ujumbe wa Athens mbele ya Mfalme Philip wa Makedonia, na kwa mujibu wa mpinzani wake Aeschines, alianza hotuba, akapotea, akanyamaza. Mpinzani si shahidi wa kuaminiwa kwa kila kitu, lakini mimi namwamini hapo. Kokoto zilikuwa zimeufundisha ulimi. Kusimama mbele ya Philip hazikumfundisha.

Kutoka hapo ruka hadi Berlin mwaka 1841. Daktari wa upasuaji Johann Friedrich Dieffenbach aliamua kwamba kigugumizi ni mkakamao wa ulimi, akaanza kukata kipande cha nyama kwenye mzizi wa ulimi wa wagonjwa wake. Dawa ya usingizi ilikuwa haijaanza kutumika katika upasuaji. Madaktari wengine wa Ulaya walimwiga, damu ikamwagika, na baada ya muda mfupi wakaacha kwa sababu haikusaidia. Kabla hatujawacheka, tukumbuke kwamba huku kwetu bado wapo wanaompeleka mtoto akakatwe ile kamba ya chini ya ulimi ili "afunguke". Ni wazo lile lile: tatizo linaonekana mdomoni, basi kisu kiende mdomoni.

Ajabu ni kwamba mtazamo wa busara zaidi ulikuwepo tangu zamani, na kila siku unasomwa Pwani na bara. Katika Kurani, Sura ya Twaha, Nabii Musa anatumwa kwa Firauni na anaomba dua. Angalieni mpangilio wake. Haanzi na ulimi. Anaomba kwanza kifua chake kikunjuliwe, kisha kazi yake iwe nyepesi, na baada ya hapo ndipo anaomba fundo la ulimi wake lifunguliwe ili watu waelewe anachosema. Wanafunzi wa madrasa na wahadhiri huisoma dua hiyo kabla ya kuanza kusema hadi leo, wengi wao wakiwa hawana kigugumizi chochote. Kifua kwanza. Mtu aliyepanga maneno hayo kwa utaratibu huo anajua hofu inakaa wapi.

Wakristo wanaijua habari hiyo kutoka kitabu cha Kutoka, sura ya 4, ambako Musa analalamika kwamba kinywa chake ni kizito, na anapewa kaka yake Haruni awe msemaji wake. Haruni kila familia inaye. Kwangu alikuwa dada yangu, aliyekuwa akiniagizia chumvi na mafuta ya taa dukani kabla sijaulizwa. Ni msaada mtamu sana. Shida yake ni kwamba ukiuzoea, dukani panazidi kutisha. Na tukumbuke kwamba katika Biblia Haruni hakusema mpaka mwisho: Kumbukumbu la Torati, karibu kitabu kizima, ni hotuba za Musa mwenyewe.

Sasa turudi kwa mfalme. Kabla hajawa mfalme alikuwa Duke wa York, mtoto wa pili, ambaye hakuna aliyetegemea angetawala. Desemba 1924 yeye na mkewe walishuka meli Mombasa. Walizunguka Kenya, wakawinda, wakaenda Uganda, kisha wakafuata mto Nile hadi Sudan, wakarudi kwao 1925. Miezi michache baadaye, tarehe 31 Oktoba 1925, alisimama uwanja wa Wembley kufunga Maonyesho ya Dola ya Uingereza. Makoloni ya Afrika Mashariki yalikuwa na banda lao pale. Alizungumza kupitia vipaza sauti mbele ya umati, akakwama, na kimya chake kikasambazwa uwanja mzima kwa nguvu ile ile ambayo maneno yake yangesambazwa. Hapo ndipo nadhani historia yetu inapobadilika. Demosthenes alikwama mbele ya watu wa chumba kimoja. Mashine zilipokuja, kukwama kukawa na masikio maelfu.

Mwaka uliofuata, Oktoba 1926, alimwendea Lionel Logue, Mwaustralia aliyekuwa na chumba mtaa wa Harley, London. Logue hakuwa daktari. Alikuwa mwalimu wa kusema kwa ufasaha aliyewahi kuwasaidia askari waliorudi kutoka Vita ya Kwanza sauti zikiwa zimeharibika. Katika miezi 14 ya mwanzo walikutana mara 82. Mengi waliyofanya yalikuwa mazoezi ya kupumua na ya mdomo, na watu huyataja hayo. Mimi nayaona makubwa zaidi yale aliyofanya na karatasi. Hotuba ilipoletwa, Logue aliipitia neno kwa neno pamoja na mteja wake, akatoa maneno yanayogoma na kuweka mengine, kisha akachora alama za kutua. Kwa maneno mengine alichukua ule ujanja wa kukwepa ambao kila mmoja wetu anaufanya kwa siri na kwa hofu, akauleta mezani ukafanywa mapema, kwa kalamu, na watu wawili. Na zile alama za kutua zilimpa mfalme ruhusa ya kunyamaza. Kimya kikishapangwa hakihesabiwi tena kuwa kukwama.

Mei 1927 alifungua Bunge la Australia mjini Canberra, na alifaulu. Desemba 1936 kaka yake aliacha ufalme, naye akaupokea bila kuutaka. Tarehe 3 Septemba 1939, siku Uingereza ilipoingia vitani na Ujerumani, alihutubia dola nzima kwa redio, Tanganyika ikiwemo. Picha rasmi inamwonyesha ameketi mezani. Ukweli ni kwamba alisema amesimama, katika chumba kidogo, na aliyekuwa naye pale alikuwa Logue tu. Waliosikiliza walikuwa mamilioni, lakini machoni mwake alikuwepo mtu mmoja ambaye hakuwa na haraka.

Hakupona. Watu huachana na jambo hili baada ya ile sinema ya 2010 iliyotengenezwa juu ya maisha yake, kwa sababu sinema inamalizikia kwenye ushindi. Kila Krismasi hotuba ilimharibia sikukuu hadi mwaka wake wa mwisho. Krismasi ya 1951, akiwa ametoka kutolewa pafu, hotuba yake ilirekodiwa vipande vipande ndipo ikarushwa. Alifariki 6 Februari 1952, binti yake Elizabeth akiwa Kenya.

Mwaka ule ule wa 1939, mbali na London, kulifanyika jambo jingine ambalo ni lazima lisimuliwe. Katika jimbo la Iowa, Marekani, mtaalamu wa chuo kikuu Wendell Johnson, ambaye mwenyewe alikuwa na kigugumizi, alitaka kuthibitisha kwamba kigugumizi hakianzii kwenye mdomo wa mtoto bali kwenye sikio la mzazi anayemsahihisha. Mwanafunzi wake Mary Tudor alipelekwa kwenye kituo cha yatima mjini Davenport. Watoto walikuwa 22. Baadhi yao walikuwa wanaongea vizuri kabisa, lakini wakaambiwa kwa miezi kadhaa kwamba wameanza kigugumizi, kwamba wasiseme kama hawana uhakika, kwamba wajizuie. Hawakupata kigugumizi kama Johnson alivyotarajia. Walichopata ni kunyamaza. Watoto waliokuwa wasemaji wakawa hawajibu darasani, wakatazama chini, wakatumia neno moja pale walipotumia kumi. Habari hiyo haikujulikana kwa umma mpaka 2001, chuo kikaomba radhi, na 2007 jimbo likakubali kuwalipa waathirika dola 925,000.

Johnson alikosea kuhusu asili ya kigugumizi. Leo inajulikana kwamba kinatembea katika familia na kinahusiana na jinsi ubongo unavyoratibu usemaji. Mwaka 2010 watafiti waliochunguza familia za Pakistani walitangaza jeni la kwanza linalohusika, na baadaye familia moja kubwa ya Kameruni iliwasaidia kupata jingine. Lakini bila kukusudia, jaribio lile baya lilitenganisha vitu viwili ambavyo tulikuwa tunavichanganya. Kigugumizi kinatoka mwilini. Hofu inafundishwa. Watoto wa Davenport walipewa hofu peke yake, bila kigugumizi, na ikatosha kuwafunga midomo.

Nani anaifundisha kwetu? Mara nyingi ni mtu mwema. "Tulia kwanza." "Vuta pumzi." "Sema polepole mwanangu." Kila ushauri wa namna hiyo unamwambia mtoto kwamba amesikika, na si alichosema, bali jinsi alivyosema. Wengine wanammalizia neno, na mara nyingi wanammalizia neno silo, kisha yeye anakubali tu ili yaishe. Nimewahi kupewa soda nisiyoipenda kwa miaka, kwa mtindo huo. Na ipo dawa ya kumshtua mtoto kwa kibao cha ghafla. Hiyo sina la kuisema.

Hesabu ni rahisi. Inakadiriwa kwamba karibu mtoto 1 kati ya 20 hupitia kigugumizi, wengi wao kikaondoka chenyewe, na katika watu wazima kinabaki kwa takribani mtu 1 kati ya 100, wanaume wakizidi wanawake kiasi cha wanne kwa mmoja. Mkoa wa Simiyu katika sensa ya 2022 ulikuwa na watu zaidi ya milioni 2. Kwa makadirio hayo, ni watu kama elfu 20. Wako wapi? Wako kimya, au wako shambani.

Shambani nasema kwa maana. Mwenye kigugumizi akiswaga ng'ombe wa plau hakwami. Akiita mbwa hakwami. Akiimba hakwami, na akisoma pamoja na wenzake kwa sauti moja mara nyingi hakwami. Hili linajulikana dunia nzima na limepimwa mara nyingi: mdundo, wimbo na sauti ya pamoja hukipunguza kigugumizi sana, pengine kukiondoa kabisa kwa wakati huo. Ukilijua hilo, maisha ya Usukumani unayaona kwa macho mengine. Sisi ni watu wa kusema pamoja. Bagika na Bagalu, makundi mawili ya ngoma yaliyoanzishwa na waganga Ngika na Gumha katika karne ya 19, yanashindana kwa kuvuta watu, na kinachowavuta ni manju anayetoa wimbo na kundi linaloitikia. Kulima kwa pamoja kulikuwa na nyimbo zake, ndiko walikotoka Bagobogobo wanaorusha majembe. Shuleni kulikuwa na mchakamchaka: saa kumi na mbili asubuhi, mmoja anaanzisha, mia tatu wanaitikia, na mimi katikati yao nikiimba kwa sauti kuliko wote. Wenzangu walidhani nina uzalendo mwingi.

Baada ya Azimio la Arusha la 1967, Mathias Mnyampala na chama cha UKUTA walizieneza ngonjera, mashairi ya majibizano ya kughaniwa jukwaani, na shule zikazipokea. Lengo lilikuwa siasa na lugha. Lakini bila mtu kupanga, ngonjera ikawa hifadhi ya watoto wa aina yetu. Ni maneno yaliyokwisha kupangwa, yana mizani, yana vina, unayasema kwa zamu na wenzako. Kijana asiyeweza kujibu "wangapi hawajaleta fagio?" alisimama mbele ya mgeni rasmi akaghani ubeti mzima.

Mmarekani James Earl Jones, aliyetoa sauti ya Mufasa katika filamu ya The Lion King ya 1994, alipitia njia hiyo hiyo. Utotoni alikaa karibu miaka minane bila kusema na watu zaidi ya familia na wanyama wa shambani kwao Michigan. Shule ya sekondari, mwalimu wake aliliona shairi alilokuwa ameandika, akamwambia ni zuri mno, athibitishe ni lake kwa kulisoma mbele ya darasa. Alilisoma bila kukwama. Sauti ambayo watoto wetu wanaijua kuwa ya mfalme wa simba ilianzia hapo.

Ila nisidanganye. Mchakamchaka ukiisha, mnaingia darasani, na mwalimu anaita majina. Wimbo ni kivuli cha kupumzikia, si nyumba. Nimekutana na watu wazima waliojaribu kuongea kwa mdundo maisha yao yote, kama wanahesabu hatua, na wanachoka, na wasikilizaji nao wanachoka. Kwa hiyo swali la hofu linabaki pale pale.

Jibu lililonisaidia mimi kuliko yote nilikuta katika maisha ya Charles Van Riper, Mmarekani mwingine wa Michigan, aliyezaliwa 1905 na baadaye akawa mmoja wa walimu wakubwa wa fani hii. Akiwa kijana kigugumizi chake kilikuwa kibaya hivi kwamba alipata kibarua shambani kwa kujifanya bubu na kiziwi. Alipochoka na uongo huo akaondoka, akaomba lifti njiani. Mzee aliyempakia alimwuliza jina lake, naye akakwama vibaya sana. Mzee akacheka. Van Riper alitaka kukasirika, kumbe mzee mwenyewe alikuwa na kigugumizi: alimweleza kwamba zamani naye alipigana nacho vile vile, sasa amezeeka, hana nguvu za kupigana, anayaacha maneno yatoke yanavyotoka. Na kweli, alikuwa anakwama kidogo kidogo bila shida na anaendelea. Van Riper alisema hapo ndipo alipoacha kutafuta kutokigugumiza akaanza kutafuta namna nzuri ya kukigugumiza. Kazi yake yote iliyofuata ilitoka kwenye ile lifti.

Ukiiweka pamoja na dua ya Musa na kalamu ya Logue, unaona kitu kimoja. Hofu ya kabla ya kusema inalishwa na siri. Inakaa kwa sababu unapanga kuwadanganya watu kwamba huna unacho. Siku hizi nikialikwa kusema mahali, maneno yangu ya kwanza ni "shikamooni, mimi nina kigugumizi, mtanivumilia", na nahakikisha nakwama mapema, hata kwa makusudi kwenye neno ambalo lingepita. Wanaofundisha wenye kigugumizi wanaitambua njia hii na wanaitumia. Ukishakwama mara moja mbele ya watu na paa halijaanguka, kifua kinashuka. Kwenye simu bado napata tabu, nikiri. Mtu anasema "haloo, haloo", mimi nimekwama kwenye jina, anakata. Halafu anatuma ujumbe kwamba mtandao wa Nkoma ni mbovu. Namjibu ndiyo, ni mbovu sana.

Mpwa wangu yuko darasa la pili na amerithi. Mwishoni mwa mwaka kuna upimaji wa KKK, ambapo mtoto anasoma kwa sauti mbele ya msimamizi na muda unahesabiwa: maneno mangapi kwa dakika. Anajua kusoma, tena vizuri kuliko kaka yake. Lakini saa ya msimamizi haijui tofauti kati ya mtoto asiyelijua neno na mtoto anayelijua na halitoki, na matokeo yatasema hajui. Kwa hiyo kila jioni tunasoma wote wawili kwa sauti moja, kitabu kimoja, halafu katikati ya ukurasa mimi napunguza sauti kidogo kidogo mpaka anabaki peke yake. Siku nyingine anafika mwisho. Siku nyingine anakwama, ananitazama, nami natazama kitabu, sisemi kitu, mpaka neno litoke. Juzi nilikwenda shuleni kumwona mwalimu wake. Nilijitambulisha, nikakwama kwenye jina kama kawaida, akaelewa nimefuata nini hata kabla sijaeleza. Nilimwomba mambo mawili: amwambie msimamizi mapema, na asimweke kwenye foleni akawasikiliza wenzake arobaini huku zamu inakuja. Alifungua daftari la mahudhurio, akalitafuta jina la mtoto, akaandika namba 1 pembeni yake.